Bahari ya Unyamwezi

Nchi ya Tabora ni nchi ya miombo, ya mashamba ya mtama na ya visima. Ziwa kubwa haina. Lakini katikati ya karne ya 19, jina la nchi hiyo lilipewa bahari ya maji matamu katika ramani iliyozungumzwa sana huko Ulaya. Bahari hiyo ya Unyamwezi ilipita maili 800 kwa urefu, na upana wake ulikuwa maili 300. Umbo lake lilikuwa la konokono asiye na gamba; na John Hanning Speke ameandika kwamba kila aliyeitazama alicheka na kutikisa kichwa.

Waliohusika na ramani hiyo ni Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliokaa katika pwani ya Mombasa na Tanga. Ilitokea mwaka 1855, na mwaka 1856 ikawa hoja kubwa kwa wanajiografia wa London. Wamisionari wale hawakuizua. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara, nao wakajibiwa kwa uaminifu. Aliyekwenda bara kwa njia ya Kilwa alisema kwamba mwisho wa safari yake ni maji makuu. Aliyepita Unyanyembe hadi Ujiji alisema vivyo hivyo, na habari za njia ya kaskazini nazo zikaishia majini. Hakuna aliyesema kwamba maji yake yametengana na ya mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa hilo. Erhardt akakata shauri kwamba maji yale yote ni mamoja.

Ndivyo ilivyo katika mchezo wa kuchekesha: watu watatu husimulia mambo matatu, na msikilizaji husadiki kwamba wote wanasimulia jambo moja. Lugha nayo ilisaidia kuficha kosa. Mtu wa pwani akiona maji ambayo ng'ambo yake haionekani, huyaita bahari. Neno nyasa, kama nyanza, maana yake ni maji mapana tu, wala si alama ya kutofautisha ziwa hili na lile. Basi kila mmoja alisema kweli, na kosa likazaliwa katika kujumlisha.

Kwa ajili ya bahari hiyo, Richard Burton na Speke walitumwa Afrika. Waliondoka Kaole mwezi wa Juni 1857, na tarehe 7 Novemba wakafika Kaze, ndiyo Tabora, walikopokewa kwa ukarimu na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyezijua vema njia za bara. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza kwa Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani na kupelekwa Bara Hindi, naye akafasiri. Speke alikunjua ramani, akauliza Nyasa iko wapi. Akajibiwa kwamba hilo ni ziwa la kusini, mbali na la Ujiji. Akauliza Ukerewe ni nini. Akajibiwa kwamba ni ziwa la kaskazini, kubwa kuliko la Ujiji. Kwa maswali mawili tu, barazani, bahari ya maili 800 ikagawanyika mara tatu.

Hata hivyo, kutoelewana hakukwisha. Huko Kasenge, mwaka 1858, Speke alipewa habari kwamba mto ulio kaskazini ya Tanganyika hutoka ziwani. Burton akatumaini kwamba ndio Nili. Walipofika Uvira waliambiwa kwamba mto huo, Rusizi, huingia ziwani. Ndipo Bombay aliposema kwamba maneno ya mwenye habari hayakufahamika sawasawa, kwani naye alitaja mto uingiao. Kati ya kuingia na kutoka, tumaini la Burton likazama. Mwezi wa Agosti Speke alifika Mwanza, akaliona lile ziwa la kaskazini ambalo Snay alikuwa amelitaja, akalipa jina la malkia wake, Victoria.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina uzito. Yaliyoitwa uvumbuzi yalikuwa yamekwisha kujulikana Tabora, kwa Waarabu na kwa wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe kutoka maziwa hadi pwani. Kilichopungua si elimu ya wenyeji, bali swali la mgeni. Kuuliza si ujinga, wahenga wamesema; lakini anayeuliza "kuna maji?" hataambiwa "ni maziwa matatu."

Snay bin Amir aliuawa mwaka 1861 katika vita vya Waarabu na Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kitini. Malkia ambaye hakuliona ziwa ameachiwa jina lake juu ya ramani. Aliyezitenga bahari tatu kwa kinywa chake hakuachiwa hata kijito.