Korongo wa Ruma: Namna ya kumtambua swala mwenye rangi ya farasi

KATIKA Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, anaishi mnyama ambaye Wakenya wengi hawajapata kumwona kwa macho yao. Ni korongo, swala mkubwa ambaye umbo lake, nywele zake za shingoni na rangi ya ngozi yake humkumbusha mtazamaji farasi. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 ilipata korongo 15 pekee nchini, na makao yao ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma.

Idadi inapokuwa ndogo kiasi hicho, kumtambua mnyama huyu si jambo la kujifurahisha tu. Anayehesabu wanyama akimdhania kongoni mmoja kuwa korongo, hesabu yote hupotoka kwa karibu asilimia saba. Makala haya yanaeleza alama za korongo, wanyama wanaofanana naye na sababu za kupungua kwake.

Jina na asili yake

Msomaji asimchanganye mnyama huyu na korongo ndege mwenye miguu mirefu, wala na korongo lililochimbwa na maji ya mvua. Majina ni sawa, viumbe ni mbali. Wataalamu humwita Hippotragus equinus. Neno la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, farasi na mbuzi dume. La pili ni la Kilatini na maana yake ni "wa farasi".

Waingereza nao humwita "roan", jina walilolitoa moja kwa moja kwenye zizi la farasi. Kwa wafugaji wa farasi, wakubwa kwa wale wa kimo kifupi, neno hilo hutaja ngozi ambayo nywele nyeupe zimechanganyika na nywele za rangi nyingine mwilini, huku kichwa na sehemu ya chini ya miguu vikibaki na rangi nzito. Farasi wa aina hiyo hutofautishwa na farasi wa kijivu kwa jambo moja kubwa: wa kijivu huzidi kuwa mweupe kadiri umri unavyosonga, ilhali huyu hubaki na mchanganyiko wake maisha yote. Kwa sababu hiyo wajuzi hawaamui rangi ya farasi kwa kutazama ubavu peke yake. Hutazama kichwa, miguu na mizizi ya nywele.

Kanuni hiyo inamfaa pia anayemtafuta korongo. Ubavu wake humdanganya mtazamaji. Uso wake haudanganyi.

Alama za kumtambulisha

Mwili wa korongo ni wa hudhurungi iliyofifia, yenye wekundu au ukijivu kwa mbali, na tumbo lake ni jeupe zaidi. Rangi hiyo hubadilika machoni kulingana na mwanga. Asubuhi huonekana nyekundu, adhuhuri hufifia, na wakati wa kiangazi hukaribia kabisa rangi ya nyasi zilizokauka. Kwa hiyo zipo alama nne za kutegemewa kuliko rangi ya mwili.

Ya kwanza ni uso. Korongo aliyekomaa ana uso mweusi wenye mabaka meupe mbele ya macho na weupe mdomoni, mithili ya mtu aliyevaa barakoa. Ya pili ni masikio, ambayo ni marefu, membamba na yenye kishungi cha nywele nyeusi nchani. Ya tatu ni nywele za shingoni, ambazo ni fupi, zimesimama wima na ncha zake ni nyeusi. Ya nne ni pembe, ambazo zina mikunjo ya pete na zimepinda kuelekea nyuma kama upanga wa jambia. Dume na jike wote wana pembe, ila za dume ni nene na ndefu zaidi.

Kwa ukubwa, korongo aliyekomaa huweza kufikia kimo cha takriban sentimita 140 mabegani na uzani wa kilo 250 au zaidi. Miongoni mwa swala wa Afrika, ni wachache wanaomzidi, akiwamo pofu.

Ndama ndiye humtatiza mtazamaji. Huzaliwa akiwa na rangi ya mchanga, bila ule uso mweusi uliokolea, na mama yake humficha nyasini kwa majuma kadhaa ya mwanzo. Anayemwona kwa mbali huweza kumdhania kuwa ndama wa swala mwingine yeyote.

Wanaofanana naye

Katika Ruma, mnyama wa kwanza kumchanganya mgeni ni kongoni. Naye ana rangi ya hudhurungi, lakini uso wake ni mrefu na wa rangi moja, mgongo wake huteremka kutoka mabegani kwenda nyuma, na pembe zake hujipinda karibu na kichwa. Nyamera ana ngozi nyekundu inayong'aa na mabaka meusi yanayoelekea zambarau kwenye mapaja na mabega. Kuro ana manyoya marefu, na ni dume peke yake mwenye pembe. Tohe na taya ni wadogo mno kumlinganisha naye.

Ndugu wa karibu wa korongo ni palahala, lakini hao wawili hawakutani Ruma. Palahala wa Kenya wanapatikana Shimba Hills, kaunti ya Kwale. Dume lake aliyekomaa ni mweusi mwenye tumbo jeupe, na mstari mweupe hushuka kutoka jichoni hadi karibu na mdomo. Katika miaka ya 1970 baadhi ya korongo walihamishiwa huko Shimba Hills, ila hawakudumu.

Bonde lililomhifadhi

Kwa msafiri anayetoka Migori, njia hupita Rongo kuelekea Homa Bay kabla ya kushuka Lambwe. Mbuga yenyewe ina ukubwa wa takriban kilomita 120 za mraba, kati ya milima ya Gwassi na mteremko wa Kanyamwa. Ilianza kama hifadhi ya wanyama mwaka wa 1966, ikapandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1983.

Kwa miaka mingi mlinzi mkuu wa bonde hili alikuwa mdudu. Mbung'o walisambaza ugonjwa wa malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa vibaya zaidi na nagana. Kwa hiyo mnyama mwenye jina la farasi alisitawi mahali ambapo farasi mwenyewe ni vigumu kuishi. Wakulima na wafugaji waliliogopa bonde, nyasi zikabaki na wanyamapori wakapata nafasi.

Mlipuko wa malale mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulileta kampeni kali za kuwaangamiza mbung'o. Juhudi za miongo iliyofuata zilizaa matunda, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kuwa Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Hiyo ni neema kwa wakazi. Kwa korongo, ina maana kwamba ulinzi uliokuwa ukitolewa na mdudu sasa hauna budi kutolewa na binadamu.

Kwa nini wamepungua

Hesabu ya mwaka wa 1976 ilionyesha kuwa Lambwe ilikuwa na korongo zaidi ya 200. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, lakini mitego ya waya haikukoma. Mtego haubagui: huwekwa kwa nia ya kumnasa tohe au swala mdogo, ukamkamata korongo. Zaidi ya hayo, moto wa nyasi huwaunguza au kuwafichua ndama waliofichwa, na fisi na chui nao huwawinda.

Kundi dogo lina hatari yake yenyewe. Korongo jike hubeba mimba kwa takriban miezi tisa na huzaa ndama mmoja, kwa hiyo kila kifo huchukua muda mrefu kufidiwa. Tena, wanyama wachache wanaozaliana wao kwa wao hupoteza nguvu ya kustahimili maradhi.

Historia inatoa onyo. Korongo alikuwa na ndugu wa tatu, swala wa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu, aliyeishi kusini mwa Afrika Kusini. Wawindaji walimmaliza kufikia mwaka wa 1800 hivi. Ngozi, pembe na mafuvu machache yalibaki katika makavazi ya Ulaya, na wataalamu wamebishana hata kuhusu rangi yake halisi. Utafiti wa chembechembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2021 uligundua kuwa baadhi ya masalia yaliyohifadhiwa kwa jina lake yalikuwa ya korongo na palahala. Ameisha, na hata kumbukumbu zake zilichanganywa na za wengine.

Ushauri kwa mtazamaji

Anayezuru Ruma na atazame kwanza uso, kisha masikio, kisha pembe. Rangi ya ubavu iwe ya mwisho. Asiliache gari ili kumsogelea, kwa kuwa kundi likishtuka ndama huachwa. Akiona waya uliotegwa, ndani ya mbuga au kwenye mashamba yanayopakana nayo, awaarifu askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Waya mmoja ukiondolewa, huenda ameokolewa korongo mmoja, na mmoja kati ya idadi kama hiyo si haba.