Gumzo la ofisini na nani anayeshika kumbukumbu

Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, Jarkko Oikarinen aliandika programu ya gumzo iliyokuja kujulikana kama IRC. Mengi tunayoyaona leo kwenye Slack au Microsoft Teams yalikuwa ndani ya IRC zamani: vyumba vya mada, ujumbe wa faragha, watu wa miji tofauti kujibizana papo hapo. Kilichokosekana ni kumbukumbu. Mtandao ukikatika, yaliyosemwa wakati hupo yamekupita, labda mwenzio awe ameyahifadhi. Pengo hilo, kuliko uzuri wa sura ya programu, ndilo lililoamua mkondo wa zana hizi. Tiny Speck, kampuni ya Stewart Butterfield, ilitengeneza mchezo wa Glitch huku watu wake wakiwasiliana kwa IRC, wakaiongezea njia ya kuhifadhi na kutafuta mazungumzo. Mchezo ulifungwa 2012. Zana ile ikaingia sokoni 2014 kwa jina la Slack. Na tazama walichouza: kwa miaka mingi asiyelipa aliona jumbe 10,000 za mwisho tu, na tangu 2022 anaona za siku 90. Kuzungumza ni bure, kinacholipiwa ni kuyarudia yaliyozungumzwa.

Atakayepinga atasema Teams, iliyozinduliwa 2017, ilitamba kwa bei tu, maana Microsoft iliiweka ndani ya Office 365 na ofisi nyingi hazikuona haja ya bili ya pili. Hoja hiyo ina uzito: Slack iliishtaki Microsoft kwa Tume ya Ulaya Julai 2020, na Desemba ikakubali kununuliwa na Salesforce kwa dola bilioni 27.7. Lakini barua pepe, kalenda na mafaili ya ofisi hizo yalikuwa tayari mikononi mwa Microsoft. Gumzo lilifuata yalipo.

Wengine watasema WhatsApp yatosha, na ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi ndiyo zinayoitumia. Kwa kuitana kikaoni, yatosha kweli. Kwa uamuzi wa fedha au zabuni haitoshi, kwani rekodi imo kwenye simu ya mfanyakazi, naye akihama huondoka nayo. Septemba 2022, SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, ilitoza kampuni 16 za fedha zaidi ya dola bilioni 1.1 kwa kutohifadhi mazungumzo ya kikazi yaliyofanyika kwenye simu binafsi. Meneja anayelinganisha zana hizi aulize kwanza nani atatunza rekodi, kwa muda gani, na kama ofisi itaweza kuzichukua siku itakapohama.