Shule ya Uchawi au Shule ya Uganga?

Mwanafunzi wa kidato cha pili anayelala bwenini Thika au Ruiru hahitaji kuelezwa mengi kuhusu shule aliyosoma Harry Potter. Sanduku analijua, viranja anawajua, na zile nyumba zinazoshindana mwaka mzima, yake alipangiwa mara tu alipofika. Si ajabu. Riwaya za shule ya bweni zilipata umaarufu Uingereza kwa Tom Brown's School Days mwaka 1857, na shule za namna hiyo zikaletwa huku pamoja na kengele zake. J. K. Rowling alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1997 alichukua shule hiyo hiyo akaibadilishia masomo. Masomo hayo ndiyo yanayomtoa jasho anayetaka kuandika riwaya ya aina hii kwa Kiswahili, maana kabla ya ukurasa wa kwanza sharti aamue wanafunzi wake wanasomea nini.

Jina la utanzu wenyewe halisumbui sana. Wahakiki wamezoea kusema fantasia; wengine hupendelea njozi. Njozi ni tamu masikioni, lakini anayeota ataamka, na katika riwaya hizi haamki mtu. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), manyani wanaochapwa usiku ni ndugu wa damu wa anayewachapa, na hakuna anayegutuka kitandani ikawa yote yalikuwa ndoto. Kwa hiyo fantasia itoshe.

Kazi iko kwenye somo. Wepesi wa kwanza ni kusema uchawi, na hapo ndipo mambo huharibika. Kwa Kiswahili uchawi hupimwa kwa nia: mchawi ni anayedhuru. Anayetibu kwa nguvu hizo hizo ana jina lingine. Mwambie mzazi wa Ruiru kwamba bintiye amepata nafasi katika shule ya uchawi, naye ataelewa kwamba mtoto anakwenda kufundishwa kuua watu. Hata Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inamwandama anayejidai kuwa na nguvu za kuwatia wengine hofu au madhara.

Wasomaji wengi wa Thika na Ruiru wana Kigikuyu nyumbani, na Kigikuyu hakichanganyi watu hawa. Mũrogi huroga. Mũndũ mũgo huagua na kutibu. Mũrathi hutabiri. Mjini Thika iko bustani ya Mugumo, na hadithi yake huanza kwa mtabiri Mugo wa Kibiro, aliyesema utawala wa Mwingereza ungefika mwisho siku mti wa mugumo wa hapo ungeanguka. Husimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia ukuta usianguke, na kwamba radi ikaupasua mwaka 1963. Hutamsikia mtu akiita jambo hilo uchawi. Angemvunjia mzee heshima.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliuchezea mpaka huo kwa makusudi. Katika Mũrogi wa Kagogo, kitabu alichokitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza kikatoka mwaka 2006, Kamĩtĩ anatundika tangazo la kujiita mũrogi ili awatishe polisi wanaomfukuza, kisha watu wanaanza kuja kwake kutibiwa. Jina ni la mchawi, kazi ni ya mganga, na kichekesho chote kiko hapo. Tena, tukitafuta shule ya uganga katika riwaya zetu, naona ya kwanza ni Siriana, shule ya misheni katika The River Between (1965) yake Ngũgĩ: baba anampeleka mwanawe kwa wamishonari akajifunze siri za Mzungu, lakini asifuate maovu yao. Hakuna fimbo ya miujiza, ila mpango wa hadithi ni ule ule.

Mnigeria-Mmarekani Nnedi Okorafor alikutana na tatizo hili katika Akata Witch (2011). Wanafunzi wake hawaitwi wachawi bali Watu wa Chui, na wanachosoma kinaitwa juju. Toleo la Nigeria likabadilishwa hata jina, likawa What Sunny Saw in the Flames.

Sisi tunayo maneno mengine ya kujaribu. Mazingaombwe yamepandishwa cheo na wahakiki wanaosema uhalisia mazingaombwe, lakini mtaani bado ni kazi ya mtu anayetoa sungura kofiani, ndugu yake kiinimacho. Msomaji hatahofia maisha ya mhusika anayesomea mazingaombwe. Sihiri ina uzito, ila Pwani imebeba katazo la dini, na huko itachukiza kuliko uchawi.

Inabaki uganga, nami naona ndiyo njia. Uganga husomewa: mwanafunzi humtumikia mwalimu, hulipa ada, na mwishowe hukabidhiwa mkoba. Una mahali pake, kilinge. Una matawi ambayo mwandishi anaweza kuyaweka kwenye ratiba bila kubuni neno hata moja: ramli Jumatatu, falaki Jumanne, uaguzi, utengenezaji wa hirizi, na zindiko kwa wale wa mwaka wa mwisho. Lile somo la Harry Potter la kujikinga na nguvu za giza, ambalo watafsiri hulihangaikia kwa sentensi nzima, ni zindiko tu. Uchawi nao ubaki kwa adui, mwanafunzi aliyesoma uganga huo huo akaugeuza.

Najua vikwazo. Tanzania Mganga Mkuu wa Serikali ni daktari, kwa hiyo msomaji wa Dodoma akiona shule ya uganga huenda akatarajia stetoskopu. Kwetu nako neno limechakazwa na vibandiko vya nguzo za stima, vile vya mganga anayerudisha mpenzi na kushinda kesi kwa siku tatu, namba ya simu chini. Msomaji wa Dodoma atajua kwamba si daktari kufikia aya ya pili. Kibandiko ni faida: mwandishi wa Thika anaweza kuanza riwaya yake hapo hapo, mtoto akipiga namba hiyo kwa utani na simu ikapokewa na mwalimu mkuu.

Ila asiwarushe wanafunzi wake kwa ungo ati kwa kuwa ufagio ni wa Kizungu. Ungo ni chombo cha mchawi anayeruka usiku kwenda kula watu, na msomaji wa Mombasa au Tanga ataijua shule hiyo ni ya upande gani kabla hawajatua.