Mbegu na Shamba: Historia Fupi ya Kuotesha Ngozi

Nani kati yetu hajawahi kurukiwa na mafuta ya sambusa? Unapiga yowe, unapakwa asali, na baada ya wiki chache limebaki kovu la kusimulia. Ngozi hujiponya kwa sababu ndani yake zimesalia seli shina, yaani seli zinazozaa seli mpya. Lakini moto ukila karibu mwili mzima, mbegu hizo nazo huteketea.

Mwaka 1975, Howard Green na James Rheinwald wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha kwamba seli za ngozi ya mtu huongezeka sana zikikuzwa pamoja na seli za panya. Mwaka 1983, ujuzi huo uliwaokoa watoto wawili, ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Madaktari wa Boston walichukua vipande vidogo vya ngozi iliyosalimika, wakaikuza, wakafunika nusu hivi ya mwili wa kila mmoja.

Hata hivyo, ngozi ile ilikuwa tabaka la juu tu. Bila tabaka la chini la kuishikilia, ngozi ya aina hiyo hutoka malengelenge na kuchanika upesi. Mbegu zilipatikana, shamba likakosekana.

Shamba nalo lilikuwa limeanza kutayarishwa katika chuo hicho hicho. Ioannis Yannas, akishirikiana na daktari mpasuaji John Burke, alichanganya kolajeni ya ng'ombe na dutu ya gegedu la papa, akapata kitu mfano wa sifongo, kikafunikwa kwa silikoni. Mwaka 1981 walitangaza matokeo ya wagonjwa 10. Seli za mgonjwa huingia katika vitundu vya sifongo, hujenga tabaka jipya, na sifongo yenyewe huyeyuka polepole. Ila tabaka la juu bado lilipaswa kupandikizwa.

Mwaka 2015, huko Ujerumani, mtoto wa miaka 7 mwenye ugonjwa wa kurithi unaobambua ngozi alipandikizwa ngozi mpya kwenye asilimia 80 ya mwili. Kundi la Michele De Luca wa Italia lilirekebisha jeni katika seli zake, likazikuza, nyingine juu ya fibrini, protini inayogandisha damu. Seli shina chache ziliidumisha ngozi yote.

Siku hizi tunasikia seli shina zikisifiwa kama dawa ya kila jeraha. Historia hii imetufundisha kuuliza swali moja zaidi: zikifika kwenye jeraha, zitashika wapi?