Mipaka ya Damu ya Gorgoni

Katika visa vya Wagiriki wa kale, Gorgoni alikuwa zimwi la kike lenye nyoka kichwani badala ya nywele, na kila aliyemtazama usoni aligeuka jiwe. Hata hivyo, damu iliyomtoka alipouawa ilisimuliwa kuwa dawa, na waandishi walioirithi simulizi hiyo walilazimika kuamua uwezo wake ukomee wapi, kwa kuwa damu inayomponya kila mtu kwa kiasi chochote haiachi kisa cha kusimuliwa.

Mipaka iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa zaidi imo katika Ion, tamthilia ya Euripides ya karibu na mwaka 413 KK, iliyotungwa miaka michache tu baada ya ibada ya Asclepius, mungu wa uganga, kuingizwa Athens mwaka 420 KK. Humo Athena, mungu wa kike aliyeulinda mji huo, anampa Erichthonius, mmoja wa wazee wa kale wa ukoo wa kifalme, matone mawili tu: moja, lililochuruzika kutoka mshipani, hufukuza maradhi na kulisha uhai, na la pili, litokanalo na wale nyoka, huua. Urithi huo unamfikia Creusa, ambaye huuvaa mkononi ndani ya pambo la dhahabu, na mtumishi wake mzee anapouliza kama matone hayo yamechanganywa, Creusa anajibu kwamba yametengwa, kwa sababu chema hakichangamani na kiovu. Dawa hiyo basi imebanwa pande zote, maana ni chache, ni mali ya ukoo mmoja, na ikitumika imekwisha. Lenye uzito kuliko yote ni kwamba tone linaloponya halitumiki kamwe katika tamthilia nzima. Linalotumika ni la sumu, ambalo Creusa anaagiza litiwe katika mvinyo wa kijana asiyejua kuwa ni mwanawe, naye kijana anaokoka kwa kuwa mvinyo ule unamwagwa chini na anayeunywa na kufa ni njiwa.

Katika kitabu cha visa vya miungu kinachohusishwa na jina la Apollodorus, cha karne ya 1 au ya 2 BK, Athena anampa damu hiyo Asclepius mwenyewe, ile ya mishipa ya kushoto ikiangamiza na ya kulia ikiokoa. Kiasi hakitajwi tena, na kwa damu hiyo Asclepius anafufua wafu, Hippolytus na Glaucus wakiwa miongoni mwao. Mpaka uliokosekana ndani ya damu ulibidi basi utoke nje yake: Zeus, mkuu wa miungu, akihofia kwamba wanadamu wangejifunza uponyaji na kuokoana wenyewe kwa wenyewe, alimuua mganga huyo kwa radi. Mshairi Pindar, katika karne ya 5 KK, alikuwa amedai kwamba Asclepius alihongwa dhahabu, na Diodorus wa Sicilia aliandika kwamba Hades, mtawala wa kuzimu, alilalamika kuwa wafu wanapungua. Lakini maelezo ya Apollodorus yanachoma zaidi, kwa sababu ndani yake mganga hana kosa lolote isipokuwa kuponya kupita kiasi kinachoruhusiwa.

Mpaka huohuo kati ya uponyaji na kifo ulishikwa hata katika hekalu la Asclepius huko Epidaurus, ambako wagonjwa walilala usiku wakitarajia kuponywa ndotoni. Msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anaeleza kwamba haikuruhusiwa mtu kufia wala mwanamke kujifungulia ndani ya eneo takatifu, mpaka seneta wa Kiroma aitwaye Antoninus alipojenga nyumba kwa ajili ya mambo hayo mawili.