Pasi ya Mbele: Somo la Historia kwa Watoto wa Nkombo

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hii tunaielewa vizuri sisi wa Nkombo, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Kivu, wilayani Rusizi. Watoto wetu huanza soka kwa mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba, nao huchezea kwenye mteremko. Anayebutua ovyo huenda kuuokota mbali. Hata hivyo, kelele za wakubwa kando ya uwanja ni zilezile: "Piga! Butua!" Insha hii inaeleza, kwa kutazama historia, kwa nini kelele hizo zinawanyima watoto elimu ya mchezo.

Kwanza, pasi ya mbele haikuwepo tangu mwanzo. Sheria zilizoandikwa London mwaka 1863 zilimhesabu kuwa ameotea mchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira. Kwa hiyo mtu aliukokota mwenyewe, wenzake wakimfuata nyuma. Mwaka 1866 sheria ililegezwa: mchezaji aliweza kupokea mpira mbele iwapo wapinzani watatu walikuwa kati yake na mstari wa goli. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili. England na Scotland zilipokutana Glasgow mwaka 1872, katika mechi rasmi ya kwanza ya kimataifa, Waskoti waliokuwa wepesi wa miili walipeana mpira, na mechi ikaisha 0-0. Pasi ilikuwa akili ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu.

Pili, akili hiyo hufundishwa utotoni. Klabu ya Barcelona ilifungua bweni la vijana, La Masia, mwaka 1979. Zoezi lao maarufu ni la duara: wachezaji hupeana mpira kwa mguso mmoja au miwili, na wenzao walio katikati hujaribu kuunasa. Zoezi hilo halihitaji uwanja mkubwa, bali mpira na kocha mwenye subira. Lakini kumiliki mpira si kuurudisha nyuma tu. Mtoto hufundishwa kutazama kabla mpira haujamfikia, kugeuza mwili ili aone mbele, kisha kuupitisha kati ya wapinzani. Njia ikifungwa, ndipo aurudishe na kutafuta nyingine.

Tatu, Rwanda tuna mfano wetu. Januari 2011 nchi yetu iliandaa mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17. Vijana wetu, wakiongozwa na kocha Mfaransa Richard Tardy na nahodha Emery Bayisenge, walifika fainali na kufungwa na Burkina Faso 2-1. Mwaka huohuo walicheza Kombe la Dunia la rika lao nchini Mexico. Walifungwa na England 2-0, wakafungwa na Uruguay 1-0, wakatoka 0-0 na Kanada. Walijilinda kwa heshima, lakini hawakupata goli hata moja. Kuzuia peke yake hakutoshi. Lazima mpira ufike mbele ukiwa bado wetu.

Jambo jema ni kwamba hawakutawanywa. Waliwekwa pamoja katika ligi ya taifa kwa jina la Isonga FC. Mwezi Januari 2016, mjini Kigali, Bayisenge alifunga kwa mpira wa adhabu, Rwanda ikaishinda Ivory Coast 1-0 katika CHAN, na hatimaye tukafika robo fainali. Mbegu ilipandwa wakiwa wadogo.

Wavuvi wetu wa sambaza huunganisha mitumbwi mitatu kwa nguzo ndefu. Mmoja akipiga kasia kwa fujo, wote wanapoteza mwelekeo. Kwa hiyo, ninyi makocha na wazazi wa Nkombo, tunawaomba mpunguze kelele. Mtoto akipoteza mpira kwa sababu alijaribu pasi ya mbele, msimtoe uwanjani. Mwulizeni aliona nini, kisha mwacheni ajaribu tena.