Rugelach: oka mwezi mchanga kwa jiko la mkaa

Rugelach ni vitafunwa vya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, vyenye umbo la mwezi mchanga. Huna oveni wala friji? Hata Mchombe vinaokeka.

Mahitaji
- Unga wa ngano gramu 250
- Siagi ya mkate gramu 150
- Mtindi mzito vijiko 5 vya chakula
- Karanga za kukaanga zilizosagwa nusu kikombe, sukari vijiko 3, mdalasini kidogo

Namna ya kuandaa
1. Sugua siagi kwenye unga, tia mtindi, shikanisha bila kukanda sana. Ukikanda sana vitakuwa vigumu.
2. Funga donge kwenye mfuko, liweke ndani ya chombo kinachoelea kwenye maji ya baridi kwa saa 1. Usiruke hatua hii: kwa joto letu siagi huyeyuka, umbo linaharibika.
3. Gawa mara mbili, sukuma kama chapati. Nyunyiza karanga, sukari na mdalasini, kata pembe 12. Kunja kuanzia upande mpana, pinda kidogo, ncha ikae chini.
4. Panga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, funika. Moto wa juu uwe mwingi, wa chini kidogo tu, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Chungulia baada ya dakika 20. Vikiwa vya kahawia, epua.

Subiri vipoe, sukari ya moto inaunguza ulimi!